Maombi ya Kutambuliwa Kuwa Nipo

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Wakazi,
Wilaya nisiyoitaja,
Berlin, Ujerumani.

YAH: MAOMBI YA KUTAMBULIWA KUWA NIPO

Ndugu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima, na foleni yako pia haijambo.

Dhumuni la barua hii ni kukuarifu kwamba nimefika Berlin. Najua habari hii itakushtua, maana kwa mujibu wa kompyuta yako sijafika, na huu ni mwezi wa tatu sijafika. Nanunua mkate, napanda treni, juzi nimeanguka kwenye barafu mbele ya mlango wenu na goti likavimba. Lakini goti si kithibitisho. Nimeuliza.

Sheria yenu nimesomewa na nimeielewa. Mtu akihamia kwenye nyumba ana wiki mbili za kuja kujiandikisha, na asipofanya hivyo anaweza kupigwa faini ya hadi euro 1,000. Siku ya pili tu nikafungua tovuti kutafuta miadi. Kalenda ilikuwa nyekundu toka juu hadi chini, kama shati la Simba. Nafasi ya kwanza niliipata baada ya wiki saba, tena upande wa pili wa mji. Kwa hiyo sheria inanitaka nije ndani ya siku 14, na ofisi inayosimamia sheria hiyo inanitaka nije siku ya 50. Nimewatii wote wawili kadiri nilivyoweza.

Siku ikafika. Nilivaa suti. Ofisa wako alinipokea kwa upole mkubwa, akaitazama pasi yangu, akautazama mkataba wa chumba, kisha akauliza: karatasi ya mwenye nyumba iko wapi? Nikamwambia mkataba ndio huo, una sahihi mbili. Akanifafanulia, polepole kama anayemfundisha mtoto, kwamba mkataba unaonyesha tumekubaliana nihamie; hauonyeshi kwamba nimehamia. Kwa hilo kuna fomu nyingine, nayo hujazwa na mwenye nyumba.

Hapo ndipo penye mfupa. Mwenye chumba changu naye ni mpangaji, na aliyempangisha hajui kwamba nipo. Siku ananikabidhi funguo aliniambia sentensi moja tu ya Kiingereza: kaa, lakini usijiandikishe. Nikadhani ni ushauri wa kirafiki, kama mtu anayekwambia usinywe maji ya bomba. Kumbe ndiyo ilikuwa bei. Vyumba vinavyokubali kuandikishwa nilivitafuta, vikaniomba amana ya kodi ya miezi mitatu, hati ya mshahara, na cheti cha kampuni inayotunza kumbukumbu za madeni ya watu, kuthibitisha kwamba nimekaa Ujerumani muda wa kutosha bila kumdhulumu mtu. Nilikuwa na siku nne nchini. Sikuwa nimepata wasaa wa kumdhulumu yeyote.

Nakiri kwamba kwetu nako si peponi. Dar es Salaam mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake, na choo utakiona baadaye. Lakini ukishahamia, umehamia. Mjumbe wa nyumba kumi atakujua kabla hujamaliza kushusha godoro, na akikuandikia barua ya utambulisho serikali ya mtaa itaipiga muhuri. Anakutambua kwa sababu amekuona. Nyinyi mnaniona, ila hamnitambui.

Na mambo haya, Ndugu Mkuu, yanafungana kama hadithi ya Mwalimu Goso. Sina usajili, basi sina namba ya kodi. Sina namba ya kodi, basi mwajiri ananikata kwa daraja la sita, ambalo nilifurahi kulisikia nikidhani madaraja hupanda. Benki inataka anwani iliyosajiliwa. Mwenye nyumba mpya anataka akaunti ya benki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nalitaka kwa mikono miwili, lakini duka la majembe linaulizia usajili.

Hata ninapolala si rahisi kupaeleza. Majengo yenu hayana namba za vyumba. Barua humfuata mtu kwa jina lililobandikwa kwenye sanduku chini ya ngazi. Jina langu halipo, kwa sababu zilizotajwa hapo juu. Kwa hiyo namba ya kodi, hata ikitolewa leo, italetwa kwa posta, tarishi atatafuta jina, atalikosa, na atairudisha ilikotoka akiamini amefanya kazi yake. Na atakuwa amefanya.

Kutokuwepo kuna faida zake, nisiwe mchoyo wa shukrani. Wanaoandikishwa hupokea mapema barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi, hulipwa kwa nyumba, uwe na redio usiwe nayo. Sikushangaa. Serikali yenu ya kikoloni ya Dar es Salaam ilituwekea kodi ya kibanda mwaka 1897, na huko nako hakuna aliyeuliza ndani ya kibanda kuna nini.

Tena kuna jirani yangu wa Moshi, Mlutheri wa kuzaliwa, mwana kwaya. Yeye alifanikiwa kuandikishwa. Kwenye fomu akakuta kisanduku cha dini, akakijaza kwa furaha ya mtu aliyepata kushuhudia imani yake ugenini. Mshahara ukaja umepungua: hapa Berlin kodi ya kanisa ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, na serikali ndiyo inayoikata. Kwao alizoea bahasha, yenye jina lake, aliyoitia alichojaliwa. Sasa anaambiwa akitaka kuacha kulipa, aende mahakamani akatoe tamko la kujitoa kanisani. Mama yake akiuliza habari za Jumapili, simu inakatika.

Kuhusu lugha sina neno. Lugha ya ofisi ni Kijerumani, nami najifunza. Ila nakumbusha tu kwamba tangu 1887 maofisa wenu walikuwa wakifundishwa Kiswahili papa hapa Berlin kabla ya kupanda meli kuja kututawala. Sisi tukaazima kwenu maneno mawili, shule na hela, na hadi leo tunayahangaikia yote mawili. Mwalimu Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliletwa mwaka 1900 kufundisha. Alioa Berlin mwaka 1904. Mwaka uliofuata akarudi na mkewe Mjerumani hadi bandari ya Dar es Salaam, serikali ikawakatalia kushuka. Wakageuzwa na meli. Mtu kazuiwa kuingia kwao, na waliomzuia ni wageni!

Yupo na mwingine, Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyewapigania Wajerumani akiwa askari mtoto na kuja hapa mwaka 1929. Alidai mshahara wake wa uaskari, akanyimwa. Alifundisha Kiswahili, alihudumu mezani, aliigiza kwenye filamu zenu. Alikamatwa mwaka 1941 na kufia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Mwaka 2007, kwenye Brunnenstraße, kikafukiwa kijiwe cha shaba kinachosema kwamba hapo ndipo alipokuwa akiishi. Ndicho kithibitisho cha makazi ambacho sijaona ofisi ikikitilia shaka.

Nirudi kwenye maombi.

Siku moja ya kukata tamaa nilipanda treni hadi Wedding. Nikapita Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Nikasimama. Yaani Tanga ina anwani Berlin, na Usambara ina anwani Berlin. Hatua chache mbele kulikuwa na barabara iliyowahi kubeba jina la Karl Peters, yule ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Tangu 2024 kipande chake kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee, na kwa hilo nawapongeza. Lakini hebu tumtazame Peters kama mwombaji. Aliingia Usagara Novemba 1884 bila miadi. Karatasi ya mwenye nyumba alikuja nayo mwenyewe, kwa Kijerumani, akaomba alama tu. Chifu Mangungo wa Msovero akaweka. Ilipofika tarehe 27 Februari 1885, Peters alikuwa na barua ya ulinzi ya Kaisari mkononi, kwa ajili ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Miezi mitatu, nchi nne. Mimi miezi mitatu, chumba kimoja, na bado. Mkataba wangu wa chumba nao una kurasa 14 za Kijerumani, na niliusaini kwa roho nyeupe ileile ya Mangungo.

Ndipo nikamkumbuka mtu wa kwetu.

Mimi ni mzaliwa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wenu walichimba Tendaguru, na wazee wetu wakabeba mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale na ya wenzake kichwani, mzigo kwa mzigo, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini, zaidi ya tani 200. Alisafiri kwenye makasha. Mwaka 1937 alisimamishwa wima kwenye makumbusho yenu, urefu wake umepita mita 13, watoto wa shule wanapigwa picha miguuni pake. Nilimtembelea Jumanne. Nililipa kiingilio, nikamsalimia kwa Kimwera, asijibu, nikajua amekwishakuwa mwenyeji.

Nilimchunguza kama ofisa. Hana miadi. Hana pasi. Namba ya kodi hana, ada ya redio halipi, dini yake haijulikani. Ila mwenye nyumba wake anakiri hadharani kwamba yupo, na juu ya hilo kamwekea kibao chenye jina. Hakuna aliyemwambia kaa, lakini usijiandikishe. Kwetu msafiri hupokelewa na wa kwao aliyetangulia, na kwa watu wa Lindi katika mji huu hakuna aliyetangulia kama yeye.

Kwa hiyo naomba ofisi yako impokee mjusi huyo kuwa mwenye nyumba wangu kwa mujibu wa fomu. Nafasi anayo, chini ya mbavu zake panatosha kitanda na meza. Alama yake nitaichukua kwa kidole, kama ya Mangungo. Historia inaonyesha mnazikubali. Na ikitokea kwamba yeye naye inabidi kwanza aonyeshe karatasi za namna alivyoingia, basi tupangieni miadi ya siku moja, tuje wote. Milango iangalieni mapema.

Majibu tafadhali yasiletwe ninapolala, kwa sababu ya sanduku. Yatumwe:

Giraffatitan brancai
(ampe kijana wa Lindi)
Invalidenstraße 43
Berlin

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mimi niliye hapa.

Kiambatanisho: picha ya goti.