Jinsi ya Kusimamia Watabiri wa Mvua Bila Kulowa

Hongera, Komanda. Umeteuliwa kuwa mkubwa wa watabiri wa hali ya hewa wa jeshi hapa Kolwezi, na hujui kutofautisha wingu na moshi wa jiko. Usihofu. Kazi hii haimtaki mtu anayeijua mvua. Inamtaka anayejua kukaa pakavu inaponyesha. Funga mlango, kaa karibu, tuanze.

1. Chagua mwezi wa kuripoti

Usikubali kuanza Novemba. Ukiitwa Novemba, ugua mgongo, mgongo haupimiki. Ripoti mwezi wa sita. Kwetu Lualaba mvua hutuaga Aprili na kurudi kama Oktoba. Juni, Julai na Agosti karibu haipo kabisa. Kila asubuhi andika "Leo hakuna mvua," piga muhuri, nenda ukanywe chai. Kwa miezi mitatu hutakosea hata siku moja, na mkubwa wako ataanza kukuita nabii. Usikatae. Inamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyechoka kwa kuona mbali.

Cha kuogopa ni kimoja tu: moshi wa misitu ya miombo inayochomwa kiangazi, ukichanganyika na vumbi la malori ya migodini. Ndege ikishindwa kuuona uwanja, sema uliulizwa habari za mvua.

2. Jipe asilimia

Nabii bila takwimu ni mganga tu. Kwa hiyo hesabu, na utafute mtangulizi wa kukulinda. Anaitwa John Finley, askari wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, ambalo enzi hizo ndilo lililoendesha utabiri wa nchi. Mwaka 1884 alitoa hesabu ya utabiri wake wa tonado: mara 2,803, na akatangaza kuwa amepatia kwa asilimia 96.6. Sifa kedekede. Kisha akatokea mwanajiolojia Grove Karl Gilbert, akaharibu sherehe: mtu ambaye angesema "hakuna tonado" kila mara, bila kuinua macho juu, angepatia kwa asilimia 98.2! Tonado zilikuwa 51 tu, na Finley alizinasa 28.

Wasomi husoma kisa hiki wakamcheka Finley. Wewe soma wasifu wa yule mtu asiyeinua macho, kwa maana huyo ndiye wewe mwezi wa saba. Jumlisha miezi yako mitatu, andika asilimia kwa herufi kubwa, bandika ukutani kabla ya Oktoba.

3. Tanguliza jua

Mei 13, 1978, waasi wa FNLC waliingia Kolwezi. Watu wengi waliuawa, na hapo sifanyi mchezo. Mchana wa Mei 19, karibu askari 400 wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa waliruka kutoka angani. Kiswahili kinawaita askari wa miavuli, na kweli, yeyote aliyetazama juu siku ile aliona miavuli tele katika msimu usio na mvua. Wimbi la pili lilikuwa lifuate jioni ile ile, lakini halikuruka mpaka asubuhi ya Mei 20. Lilizuiwa na nini? Giza liliingia.

Somo lako ni hilo. Katika yote yanayoweza kuwazuia watu wa angani, machweo ndiyo pekee usiyoweza kuyakosea. Yaweke mstari wa kwanza wa ripoti, macheo yafuate. Hapa kwetu, nyuzi kumi na ushei kusini mwa ikweta, hayasogei sana mwaka mzima. Mkubwa akishasoma mambo mawili ya kweli, la tatu ataliamini bila kulikagua.

4. Ongea kwa upana

Oktoba imefika na mawingu yamejaa. Sasa jifunze lugha. Andika "vipindi vya mvua na ngurumo katika maeneo machache," na usitaje hata eneo moja. Manika ikilowa na Dilala ikabaki kavu, umepatia. Dilala ikilowa na Manika ikabaki kavu, umepatia vilevile.

Saa nayo itumie. Tabiri mvua ya saa nane, usiseme nane ipi. Waswahili wana nane ya mchana na nane ya usiku. Wanaohesabu Kifaransa wana nane ya asubuhi na nane ya jioni. Marubani wana saa yao ya Z, iliyo nyuma yetu kwa saa mbili. Na Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Mvua itakayopenya kati ya nane zote hizo bila kugusa hata moja, hiyo imerogwa, na uchawi si idara yako.

Ukibanwa zaidi, kimbilia kanuni za kimataifa. Katika utabiri wa viwanja vya ndege, uwezekano huandikwa asilimia 30 au 40 basi. Chini ya 30 haustahili kutajwa. Ukifika 50 unaandikwa kama jambo litakalotokea. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa na sababu zao, lakini ni kana kwamba walikuwaza wewe. Kila alasiri ya Januari andika PROB40. Ikinyesha, ulionya. Isiponyesha, hesabu ilikuwa wazi: sitini zilikuwa upande wa ukavu.

5. Weka droo tatu

Juni 1944, James Stagg, mwanasayansi wa kiraia aliyevishwa cheo cha jeshi la anga la Uingereza ili majenerali wamsikilize, alikuwa na timu tatu zikibishana kwa simu: moja ya Wamarekani, mbili za Waingereza. Wamarekani waliona Juni 5 inafaa kuvuka kwenda Normandy. Waingereza wa Dunstable waliona bahari itachafuka. Stagg akamshauri Eisenhower asubiri, na majeshi yakavuka tarehe 6.

Wengine watakwambia Stagg alipima hoja za kila upande kisha akabeba lawama mwenyewe. Heri yake. Sisi tunachoona ni timu tatu, yaani droo tatu. Mtabiri wa kwanza aandike mvua, wa pili ukavu, wa tatu mawingu mazito. Zote piga muhuri asubuhi. Jioni chungulia dirishani, fungua droo inayofaa, peleka faili. Karatasi zilizobaki huwasha mkaa wa bukari vizuri sana.

6. Usijitese na dhamiri

Unadhani unamdanganya mkubwa wako? Mwenyewe anajua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kenneth Arrow, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1972, alikuwa mtakwimu katika huduma ya hali ya hewa ya jeshi la anga la Marekani. Yeye na wenzake waliupima utabiri wa mwezi mzima, wakakuta haushindi kubahatisha, wakaomba kazi hiyo iachwe. Kwa masimulizi yake, walijibiwa kwamba jenerali anafahamu fika kuwa utabiri huo haufai, ila anauhitaji kwa ajili ya mipango.

Basi mchapie mkubwa wako karatasi yake. Tumia rangi. Ramani yenye mishale humtuliza mtu kuliko ukweli.

7. Lawama ipandishe juu

Siku ya kulowa itafika tu. La kuvunda halina ubani. Malori yamezama matopeni barabara ya Fungurume na simu inalia. Usimlaumu mtu wa chini, kwa sababu mtu wa chini ana mdomo. Ilaumu setilaiti. Meteosat iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, inatuma picha usiku na mchana, na haijawahi kumjibu mtu. Sema tu: "Komanda wangu, setilaiti haikuliona lile wingu mapema." Kisha nyamaza kwa huzuni.

8. Jihadhari na koplo mwenye daftari

Hakosekani. Kijana mpole, haongei sana. Kila alfajiri anakwenda kwenye kipima mvua, anasoma milimita, anaziandika. Pembeni yake anaandika ulichotabiri wewe jana. Safu mbili tu, tangu Oktoba. Daftari hilo likifika mezani kwa mkubwa, hatua zote saba nilizokupa zimeoza. Mhamishe haraka. Mpe kulinda ghala la viatu.

Lakini usimpeleke mbali.

Maana itafika siku moja ya Novemba, unamwaga zege la nyumba yako kule Dilala. Simenti umekopa, mafundi umewaita, na watabiri wako wamekuletea karatasi tatu zenye mihuri. Hutazisoma. Utavaa koti, utazunguka nyuma ya ghala la viatu, utakohoa kidogo.

"Mwanangu, kesho vipi?"

Atafungua daftari, atautazama mfuko wa upepo kwa mbali. "Upepo umegeuka tangu juzi, shefu. Sasa unatoka kaskazini-magharibi, na kila ulipogeuka hivyo mvua haikupita siku mbili. Subiri Jumanne."

Ahirisha zege. Kwenye ripoti andika PROB40.