Sifa za Kijiti Kimoja

Sebule ya Kiswidi, hii ya kwenye majarida, haina kasoro kwa kuwa haina kitu. Ukuta mweupe, sakafu ya mbao iliyopauka, kiti kimoja kisichokaliwa, na chupa yenye kijiti kikavu kilichoegemea kushoto. Kijiti cha pili kingeleta vurugu. Vitabu vipo, ila vimegeuziwa migongo ukutani ili rangi za majalada zisimsumbue mtu. Anayetaka kusoma atabahatisha.

Huo ndio ustaarabu. Asiye na nafasi huishi na vitu vyake. Mstaarabu ana stoo chini ya jengo, na humo ndimo wanamoishi baiskeli, midoli na picha ya bibi, kwa utulivu mkubwa.

Carl Larsson alipaka nyumba yake ya Sundborn nyekundu na kijani, watoto wamezagaa kila pembe, kisha mwaka 1899 akaianika nchi nzima katika kitabu chake Ett hem. Tumsamehe, alikuwa mchoraji. Josef Frank naye alilichorea duka la Svenskt Tenn la Stockholm vitambaa vya maua tele. Tumsamehe pia, alitoka Vienna.

Na Desemba, jua likizama kabla ya saa tisa alasiri na theluji imetanda nje, mtu aliyechoshwa na weupe hurudi kwake akapumzishe macho. Kwa kitu gani? Kwa weupe.

Ukialikwa, nenda. Vua viatu mlangoni, ndiyo desturi yao. Tafadhali usikae.