Ukoka Wangu na Kalenda ya Minnesota

Hapa Kapalamsenga uwanja wa nyumba hauoti kitu. Ukiona majani mlangoni kwa mtu, unauliza jirani: hawa wamehama, au wamefiwa? Mwanamke anayejiheshimu huamka jogoo la pili, akashika fagio na kuufagia udongo mwekundu mpaka ukabaki na michirizi iliyonyooka, hata nyoka akipita usiku asubuhi mnaiona njia yake yote, alikotoka na alikoingia. Mke wangu ni bingwa wa michirizi hiyo. Katika miaka 31 ya ndoa sijaona jani likilala uwanjani kwake.

Kwa hiyo siku niliyomwambia nataka kupanda majani mbele ya nyumba, hakujibu. Alinigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kama anavyompima mjukuu mwenye homa.

Chanzo ni shemeji, mdogo wake huyohuyo mke wangu, ambaye ni nesi huko Minnesota, Marekani. Mwaka juzi alikuja likizo mwezi wa saba, na jioni moja akanionyesha kwenye simu picha ya nyumba yake. Nyumba wala sikuiona. Niliona kitu cha kijani kimetandikwa mbele yake.

"Hiyo ni nini, shemeji? Meza ya puli?"

"Nyasi."

Alipoondoka aliniachia kalenda ya kutunza nyasi aliyopewa dukani aliponunua mbegu. Kurasa 12, mwezi kwa mwezi, na kila ukurasa una Mzungu anayetabasamu nyuma ya mashine. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nikipewa ratiba siwezi kuiacha hivihivi. Ni ugonjwa wa kazi.

Na ratiba yenyewe, kusema kweli, ina akili. Nyasi za kule kaskazini ni za baridi. Hustawi hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 24, kwa hiyo zina misimu miwili ya kukua: mwezi wa nne na wa tano theluji ikishayeyuka, na mwezi wa tisa joto likishapungua. Katikati, kwenye joto la Julai, zinageuka kahawia na kulala, na mwenye nyumba anaambiwa atulie, hazijafa. Mwezi mkubwa ni Septemba. Udongo bado una joto la kuotesha mbegu, hewa imepoa, magugu yamechoka. Hapo unaitoboa ardhi ipate hewa, unapanda, unatia mbolea. Oktoba unazoa majani yaliyopukutika mitini. Halafu unakata mara ya mwisho, maana nyasi zikilaliwa na theluji zikiwa ndefu hushikwa na ukungu. Desemba mashine inaingia stoo, na mwenye nyumba anaingia ndani kusubiri Aprili.

Mtu makini angeuliza: Septemba ya wapi? Mimi nilichonga penseli.

Mbegu za kule sikuwa nazo, na mbegu ngeni haziingii nchini ndani ya soksi. Zina vibali vyake. Nikaamua kutumia ukoka. Nilikwenda Mpanda kwa kijana anayeuza miche ya maua kando ya barabara, akanikatia viroba 3 kwa shilingi 8,000 kila kimoja. Kwenye gari la kurudi konda akataka kujua mzigo ni nini.

"Ukoka."

"Wa sungura, mzee?"

"Wa kupanda."

Gari zima lilinyamaza. Kisha mama mmoja aliyekaa nyuma akasema polepole, kwa huruma ya kweli, "Kustaafu ni mtihani."

Sasa Septemba yetu. Mvua za Katavi ni msimu mmoja, zinaanza Novemba na kuisha Aprili. Ikifika Septemba tumeshakaa miezi minne hatujaona hata umande wa maana, na ardhi ukiipiga jembe inakurudishia. Kalenda inasema toboa mashimo madogo kila baada ya sentimita 10. Nilitafuta kipande cha nondo na nyundo, nikaanza kazi alfajiri kabla ya jua kali. Nimesahau kuwaambia kuwa Kapalamsenga ni kijiji cha shaba. Hapa mtu akionekana amechuchumaa anagonga chuma ardhini kwa mistari iliyopangwa, watu hawafikirii nyasi.

Saa mbili asubuhi walikuwa wanne wamesimama kwenye uzio. Saa tatu walikuwa kumi na mmoja, wawili na sururu. Kijana mmoja akaniita pembeni, akaninong'oneza, "Mwalimu, mwamba umeukuta mita ngapi?" Mwingine alitaka kujua kama nina leseni, na kama sina, tuingie ubia. Nikawaeleza kuwa natoboa ili mizizi ipate hewa. Wakatazamana. Yule wa leseni akatikisa kichwa na kusema sawa, siri ni siri, lakini nisije nikawasahau. Kesho yake nilikuta mtu ameshaanza duara lake nje ya uzio wangu, mita mbili kutoka kwenye mipapai, futi nne kwenda chini. Lile shimo lipo mpaka leo. Mke wangu analitupia taka.

Kupanda kuliniishia kwa siku moja. Kumwagilia ndiko kulikonimaliza. Madumu 4 ya lita 20 kila jioni, kwa baiskeli, kutoka kwenye pampu ya mkono ambako Septemba foleni ya akina mama haikatiki. Siku ya kwanza wakaona mwanamume mzima anapanga dumu mstarini, wakashtuka.

"Mwalimu, mama anaumwa?"

"Hapana, mzima kabisa. Maji haya ni ya majani."

"Ya chai? Madumu manne?"

Nikasema si ya chai, ni ya majani ya uwanjani. Kimya. Aliyekuwa anapampu akaachia mkono wa pampu. Tangu siku ile hakuna aliyenipisha foleni, na nadhani walikuwa na haki. Huwezi kumwambia mtu ambaye hajapata maji ya kupikia ugali kwamba kwako ukoka ndio wenye kiu.

Oktoba kalenda ikasema zoa majani yaliyopukutika. Nikatoka na reki. Ndugu zangu, Oktoba hapa miti inafanya kinyume: miyombo inachipua. Mvua haijanyesha hata tone, na msitu mzima unavaa majani mapya mekundu, mengine rangi ya shaba yenyewe, mpaka unadhani vilima vinaungua. Ndiyo miti iliyo hodari kuliko yote hapa, inaitangulia mvua kwa wiki kadhaa. Nilisimama na reki yangu sina cha kuzoa. Nikaona aibu kurudi bure, nikazoa maganda ya miwa ya wajukuu.

Lakini ukoka ulishika! Mwisho wa Oktoba nilikuwa na kipande cha hatua kumi kwa nane, kijani kibichi, katikati ya kata nzima iliyokauka. Nilikuwa natoka na kiti jioni kukitazama. Kwa bahati mbaya si mimi peke yangu niliyekuwa nakitazama.

Ng'ombe walikuja Jumanne, kumi na saba, wa mfugaji mmoja wa Kisukuma ambaye ni jirani mwema na sina ugomvi naye. Nilikuwa ndani. Nilipotoka walikuwa wameshasambaa kwenye kipande changu, na mchungaji wao, kijana wa miaka kama kumi na miwili, amesimama getini na fimbo begani. Nikavuta pumzi nipige kelele. Kabla sijatoa sauti, kijana akainama kidogo kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

Ungefanya nini? Nimefundisha adabu hiyo maisha yangu yote. "Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?" Hawajambo. Baba hajambo? Hajambo. Mama je? Naye hajambo, ila bibi miguu inamsumbua. Pole yake. Tulipomaliza salamu, ng'ombe nao walikuwa wamemaliza.

Nikarudi kuisoma kalenda kwa hasira, na hapo ndipo nilipoona jambo. Kukata, ukurasa wa tano. Kutoboa ardhi, ukurasa wa tisa. Mbolea, huohuo wa tisa. Ng'ombe wale walikata, wakatoboa kwa kwato, wakatia mbolea ya aina mbili, ya maji na isiyo ya maji, yote kabla sijamaliza kuulizia miguu ya bibi. Kule Marekani kila moja ya kazi hizo ina mashine yake.

Mvua zikaanza, na ukoka uliotafunwa ukarudi na vurugu. Kalenda inataka nyasi zikatwe zibaki sentimita 8, na usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, maana jani ndilo linalolisha mzizi. Nyumbani nina rula ya ubaoni, kumbukumbu ya kazi. Basi nikawa napiga magoti kwenye matope, napima, nafyeka mistari miwili kwa fyekeo, napima tena. Nikiwa katika hali hiyo bodaboda ikasimama. Dereva akavua kofia, nikamtambua. Mwaka 1998 nilimfyekesha nusu ya uwanja wa mpira.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Akaniangalia mimi, akaliangalia fyekeo, akaiangalia rula. "Leo na wewe umechelewa namba?"

Abiria wake alicheka mpaka akashuka. Yule kijana, Mungu ambariki, akanipokea fyekeo, akanionyesha jinsi ya kulishika ili mgongo usiume, akafyeka kipande chote kwa dakika chache, sawasawa kama meza, bila rula. Akasema alijifunzia kwangu.

Januari ndiyo iliyoniangusha. Kalenda inasema pumzika, nyasi zimelala chini ya theluji. Nami, mtu wa ratiba, fyekeo likawa limeshapakwa mafuta na kuwekwa stoo. Ukoka haukusoma ukurasa huo. Ni mmea wa joto huu. Hewa ikipita nyuzi 30 ndiyo unachangamka, na kwa mvua za Januari unatambaa huku unautazama. Ulipanda ngazi, ukazunguka mguu wa kiti changu, ukaingia chini ya mlango wa jiko. Siku ya pili baada ya hapo, kuku walianza kelele, na mke wangu akaona mkia ukiishilia kwenye majani. Aina ya nyoka hatukuijua. Michirizi ya kutuonyesha alikokwenda haikuwepo.

"Mwalimu," alisema. Siku zote huniita Baba Rehema. Mwalimu ni kwa ajili ya hatari. Akaenda kuchukua jembe.

Usiku ule nilimpigia simu shemeji nimlilie. Kwao ilikuwa mchana, nyuzi 25 chini ya sifuri, naye alikuwa anakwangua theluji mlangoni. Alicheka sana aliposikia jina la ukoka. Akaniambia Wamarekani huuita nyasi za Bermuda, ingawa Bermuda nako ulifika mgeni. Kule kwao Minnesota unakufa kwa baridi. Majimbo ya katikati, wenye nyasi zile za baridi wanaupiga dawa kama gugu baya. Lakini ukishuka kusini kwenye joto, ndio wa heshima: huko Tifton, Georgia, wataalamu waliuchanganya na ndugu yake wa Afrika Kusini, na mwaka 1960 wakatoa aina inayotandikwa kwenye viwanja vya gofu. Matajiri wanapigia mipira juu yake. Nilitamani mke wangu asikie hayo, lakini alikuwa nje na tochi anang'oa.

Aling'oa wote. Uwanja umerudi kuwa mwekundu, michirizi imerudi, na tukiamka tunajua nani amepita. Kosa lake ni moja tu: ukoka aliung'oa wakati wa mvua, na badala ya kuutupa kwenye lile duara, akaurundika pembeni mwa shamba letu la mahindi. Ukoka haufi kwa kung'olewa. Kila pingili unayoikata kwa jembe ni mche mpya, na msimu huu umeshavuka mstari wa sita wa mahindi.

Kwa hiyo mwenye kuhitaji ukoka, aje na kiroba chake. Natoa bure, na maji ya kunywa nitampa. Awahi kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo tunapalilia.