Mtegemezi ni Nani?

Kule Ubaruku, mpunga ukiingia mashineni hutoka mchele, pumba kando, chenga kando, na hakuna anayeuuliza umetoka wapi. Binadamu je? Wapo wanaoamini kuwa ukivuka mpaka wa Tunduma hadi Nakonde, Zambia, ukanywa soda moja, ukarudi, tayari umekobolewa: uliondoka mtalii, umerudi mfanyakazi. Thubutu! Kwa sheria ya Tanzania ya 2015 kuhusu ajira za wageni, kibali cha kazi ni cha Kamishna wa Kazi; cha ukaazi, daraja B, ni cha Uhamiaji. Na shemeji aliyefuatana na mumewe? Hupewa hati ya mtegemezi, ambayo peke yake haimruhusu kuajiriwa. Basi ndiye anayepika, anayefua, anayekumbuka vibali vinaisha lini na faili liko droo gani. Bwana mwenye kibali hata soksi zake hazioni. Ila mtegemezi, eti, ni mama.