Sifa za Monita Isiyosema Kweli

Kwa Kiswahili umesifiwa mnazi, limesifiwa jahazi, na huku kwetu bara ng'ombe husifiwa mmoja mmoja, kwa rangi yake na kwa pembe zake. Monita ya kompyuta hakuna aliyeikumbuka, na monita mbovu ndiyo kabisa. Dhuluma hiyo naiondoa leo. Mbele ya mashamba haya ya chai, kutoka Belgut, Kericho, hadi Konoin, Bomet, nasimama kuisifu ile iliyo mezani kwangu dukani, mjini Kericho: nyembamba kwa umbo, nene kwa majivuno, yenye weupe unaoelekea buluu na kijani ambacho Mungu hakukiumba katika kaunti yoyote kati ya hizi mbili. Kazi yangu ni kusanifu na kuchapisha kadi za harusi, programu za mazishi, kalenda za sacco, pakiti za chai na, msimu wa uchaguzi ukifika, nyuso za watu.

Fadhila zake ndogondogo nitazipitia mbiombio. Hutoa joto la kutosha kukausha soksi mwezi wa Julai. Huondoa makovu usoni bila kuombwa. Haiibiki: wezi waliwahi kuingia dukani wakabeba hadi kibanio cha karatasi, wakaitazama, wakaiacha. Na mursik huitendea haki kamili, kwa kuwa maziwa hayo yana ubuluu wake wa asili, wa mkaa wa senetwet unaosuguliwa ndani ya kibuyu. Katika vitu vyote vilivyo chini ya jua hicho ndicho kimoja ambacho monita yangu hukionyesha kilivyo, na hata hapo ni bahati.

Fadhila yake kuu ni kuleta maafikiano. Naomba msomaji aketi vizuri, maana hapa sina haraka.

Monita yangu ni ya aina ile ya bei nafuu ambayo mafundi huiita TN, na rangi zake hutegemea jicho limekaa wapi. Ukiitazama kutoka juu, picha hupauka. Ukiitazama kutoka chini, huingia giza hadi vivuli vikageuka. Ukisimama pembeni, umanjano hukupokea. Mimi niliyeketi mbele yake sawasawa huona kitu cha nne. Wahandisi wanaihesabu hali hii kuwa kasoro. Wahandisi hawajawahi kukaa na kamati.

Kampeni za wakurugenzi wa kiwanda cha chai zinapoanza, mgombea haji dukani peke yake. Huja mwenyekiti, ambaye hupewa kiti changu cha akiba. Huja mweka hazina, ambaye hakai kwa sababu kila siku ana safari. Huja mchungaji, anayesimama kando kwa unyenyekevu, na shangazi wa mgombea, aliyechanga kuliko wote, ambaye huvuta kigoda karibu na ukuta na kutazama juu. Bango likifunguka kwenye kioo, shangazi anaona mtu mweusi tii, mkavu, anayefanana na marehemu kaka yake, na machozi yanamlengalenga. Mweka hazina anaona kijana mwangavu atakayependwa na wapigakura wa mjini. Mchungaji anaona nuru ya dhahabu kwenye paji la uso na hashangai. Mwenyekiti anaona mtu mzima anayeweza kudai barabara. Majani ya chai nyuma ya mgombea ni ya kijani cha namna nne. Wote wanatikisa kichwa. "Hapo sawa kabisa." Ni nani mwingine Kericho au Bomet aliyewahi kupata kauli moja ya watu wanne kabla ya chakula cha mchana?

Nimewaza mbali juu ya kipawa hiki. Kipelekwe kwenye kesi za mashamba: ramani iwekwe kwenye kioo, ndugu waketi huku na huku, kila mmoja auone mpaka kwa rangi anayoitaka, kisha watie sahihi na kwenda kunywa chai. Kipelekwe Mau, ambako wazee, serikali na walinzi wa msitu wamebishana tangu enzi juu ya mahali kijani cha msitu kinapokwisha na kijani cha shamba kinapoanza; kwenye monita yangu kila upande utakiona kikiishia unapopenda kiishie. Kipelekwe Bungeni. Waheshimiwa wapangwe kwa kimo, wafupi mbele wameketi, warefu nyuma wamesimama, bajeti iangazwe, na saa nne asubuhi itakuwa imepita. Umoja wa Mataifa nao wakihitaji, waje na usafiri wao. Bei yangu ni nafuu.

Wapo wanaotaka kuiharibu neema hii. Hao ndio watu wa kusahihisha rangi, na hoja zao nazijua kwa sababu mmoja wao, mchapaji wa Nairobi ninayemheshimu, alichoka na faili zangu akanipa kolorimita yake kwa muda. Ni jicho la plastiki linaloning'inizwa mbele ya kioo kwa waya. Kwanza unaiacha monita ikiwaka nusu saa nzima ili itulie, na hiyo kwa Kericho ni ibada, maana stima ikipotea dakika ya ishirini na tisa unaanza upya. Kisha programu inaangaza mabaka ya rangi, moja baada ya jingine. Jicho linapima, na tofauti kati ya rangi iliyoagizwa na iliyotokea inaandikwa kwenye faili iitwayo profaili, ili kompyuta iujue uongo wa monita yake na kuusawazisha kabla haujasemwa. Weupe unashushwa kutoka ubuluu wa kiwandani, ambao kwa monita nyingi za bei nafuu hukaribia Kelvin 9,300, hadi 6,500, weupe wa mchana wa kawaida. Mwangaza nao unapunguzwa hadi kandela 120 hivi kwa mita mraba, kwa sababu karatasi haina taa ndani yake na mteja mwishowe hupewa karatasi.

Wanataka pia ukuta wa chumba uwe wa kijivu. Ukuta wangu ni wa rangi kali kuliko bango lolote nililowahi kubuni, kwa kuwa kampuni moja ya simu ilijitolea kulipaka jengo zima rangi yake bila malipo, na sijaona bado mwenye nyumba anayekataa rangi ya bure. Wanataka nuru isiyobadilika. Hapa jua la saa nne na mawingu ya saa nane ni nuru mbili zisizosalimiana, na mvua ya mawe ikipiga bati ni ya tatu.

Hata hivyo kazi ilifanyika, na kwa muda monita ikasema kweli. Mteja wa kwanza aliniuliza kama kompyuta imepatwa na homa ya manjano. Wa pili alinipa pole. Jicho lililozoea weupe wa buluu huuona weupe wa haki kuwa uchafu, na mgombea aliyejiona kwa mara ya kwanza katika rangi yake mwenyewe alidai nimemzeesha. Ubaya zaidi ni kwamba profaili ile ni sahihi kwa mtu mmoja tu, yule anayetazama kutoka pale jicho la plastiki lilipotazama. Shangazi kwenye kigoda hakusaidiwa lolote. Maafikiano yalikwisha siku hiyo.

Na hata ningekuwa na monita ya maelfu ya dola, yenye kivuli pembeni na ukuta wa kijivu nyuma yake, siku hizi nani huja kuitazama? Kazi huidhinishwa kwa WhatsApp. Natuma picha, WhatsApp inaibana, inafunguliwa kwenye simu iliyopasuka kioo, kwenye simu iliyowekewa mwanga wa machungwa wa usiku, kwenye simu ya dereva kwa sababu ya bosi haina chaji. Inarudi kwangu na neno moja: "Poa."

Niliahidi kuisifu monita, nami naisifu. Lakini ipo ofisi moja ya umma, siitaji, iliyoagiza mabango ya buluu. Buluu kali, ile inayowaka. Niliwaeleza kwamba kioo hutengeneza buluu kwa taa na mashine huitengeneza kwa wino wa samawati na wa waridi, kwamba buluu ya taa haimo ndani ya wino, na kwamba wino wa waridi ukizidi kidogo tu watapata zambarau. Niliwachapia kipande cha mfano kwenye karatasi, wakakishika kwa mikono yao, wakaandika "Poa". Mabango yalipofika wakasema rangi si hii, kwa hiyo malipo yasubiri. Sawa. Asubuhi hiyohiyo wakayatundika. Mheshimiwa akahutubia mbele ya mabango hayo, wageni wakapiga picha, picha zikaenda gazetini. Rangi iliyokuwa mbaya mno kulipiwa haikuwa mbaya hata kidogo kutundikwa!

Kwa mwenye monita, kuambiwa rangi si hii ni kero ya kawaida. Kwa mkulima wa chai ni maisha. Chai huuzwa kwa macho kabla ya kuuzwa kwa ulimi. Upo utaratibu wa kimataifa, ISO 3103, unaoeleza jinsi ya kuandaa kikombe cha kupimia: gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, dakika 6, chombo cha kauri nyeupe. Waingereza walipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 1999 kwa kuandika kanuni kama hiyo kwenye kurasa sita. Huku hatucheki sana. Mwonjaji hupita mbele ya safu ya vikombe, hutazama kama maji yake yamechangamka au yamefifia, huvuta kijiko, hutema, husogea. Kutokana na hapo hutoka bei ya mnada wa Mombasa, kwa dola, na kutokana na bei hiyo hutoka bonasi ya mkulima.

Mwaka baada ya mwaka wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, yaani hawa wa Kericho, Bomet na majirani, hulipwa bonasi ndogo kuliko wenzao wa mashariki ya bonde. Wakiuliza, jibu mojawapo huwa ubora: kikombe chenu hakina rangi. Inawezekana. Mimi ni mtu wa rangi, sibishani na kikombe nisichokiona. Najua pia kwamba jani lililoshindiliwa kwenye gunia hupata joto na kuanza kuwa jekundu kabla ya wakati wake, na kwamba gunia linaloshinda kituoni likingoja lori, huku lori limekwama kwenye matope, haliwezi kutoa kikombe changamfu. Barabara ile haikuharibiwa na mama aliyechuma majani mawili na chipukizi tangu alfajiri. Halafu yeye ndiye anayeambiwa kikombe chake kimefifia. Ni wakulima wangapi walioitwa wasimame mbele ya vile vikombe, chao na cha jirani wa mashariki, wakaonyeshwa tofauti kwa macho yao? Mizani ya kupimia majani yao hukaguliwa na kupigwa muhuri wa serikali. Jicho la rangi halina muhuri.

Nisiwe mchoyo, wapo wanaojua kuagiza rangi na kulipa. Mwaka 2011 watafiti wa chai wa hapa Kericho walitoa mche wa TRFK 306, ambao majani yake ni ya zambarau kwa ajili ya anthosayanini iliyomo. Kikundi cha wakulima waliopanda mche huo walitaka pakiti ya rangi ya jani lenyewe, wakaniletea tawi bichi kwenye gazeti ili nisikosee. Monita ikaionyesha rangi hiyo kuwa buluu. Simu ya katibu ikaionyesha waridi. Karatasi ikatoka biringanya. Kikundi kikaweka tawi, simu na karatasi mezani, kikazibishania hadi jioni, kikapiga kura, biringanya ikashinda kwa kura nyingi. Wakalipa hapohapo kwa M-Pesa, na ya kutolea wakaongeza.

Ile ofisi ya mabango naidai bado. Nilipoambiwa niandike upya invoisi nilijihami: nikaichapisha kwa wino mweusi mtupu juu ya karatasi nyeupe, bila nembo, bila mstari wa rangi, ili asitokee mtu wa kuniambia rangi si hii. Nikagonga muhuri wa duka, nao mweusi, nikaipeleka mwenyewe hadi dirishani kwa mhasibu. Imerudi wiki iliyopita. Kwenye kona ameandika kwa kalamu: muhuri uwe wa buluu.