Kiboko wa Kompyuta

Maji yalipofika kizingitini mwa kibanda changu cha gemu, mpwa wangu alipanda juu ya kreti ya soda na PlayStation kichwani, nyaya zikimning'inia pande zote mbili za uso kama rasta. Mimi nilikuwa nimekumbatia televisheni, nikipapasa kwa mguu sandali iliyokuwa imeshaanza safari yake kuelekea kwa jirani.

"Anko," akaita kwa sauti ya msiba.

Nikajua ameona nyoka.

"GTA wameisongeza tena! Sasa ni Novemba mwaka ujao."

Ilikuwa Novemba 2025. Ziwa Naivasha lilikuwa limeingia mtaani kwetu Kihoto bila kupiga hodi wala kuvua viatu. Boti zilizozoea kupeleka watalii kutazama viboko sasa zilibeba magodoro, majiko ya gesi na kuku waliofungwa miguu, zikipita katikati ya barabara ambayo wiki chache kabla tulikuwa tukiigombania na boda. Maelfu ya watu walikuwa wamehama. Na huyu bwana mdogo, aliyebakiwa na mkono mmoja tu usio na kazi, alikuwa akiutumia kusoma habari za Rockstar, waundaji wa gemu hiyo ya GTA.

Ningemkemea. Shida ni kwamba na mimi nilikuwa na maoni.

"Si nilisema?" nikamjibu, televisheni ikiniteleza kifuani. "Mwezi wa tano nilisema nini?"

Mwezi wa tano, walipouondoa mchezo huo mwaka 2025 na kuupeleka tarehe 26 Mei 2026, nilitangaza hapo hapo kibandani kwamba kampuni kubwa kama ile haiwezi kuahirisha mara mbili, ni aibu. Mpwa wangu alinikumbusha jambo hilo kwa heshima zote, akiwa juu ya kreti. Tarehe mpya ilikuwa 19 Novemba 2026.

Kila ploti ina wataalamu wake. Kwetu palikuwa na mzee wa siasa, kijana wa Arsenal, na mama mmoja wa homa za watoto. Mimi nilikabidhiwa teknolojia kwa sababu siku moja nilifaulu kurekebisha saa kwenye simu ya mama mwenye ploti. Tangu hapo, habari yoyote yenye waya ndani yake ililetwa kwangu. Na jina la mtaa lenyewe linachochea. Kihoto, kwa Gikuyu, ni hoja ya haki, ile ambayo wazee husema huvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Mtu anayelipa kodi mahali panapoitwa Hoja atakosaje maoni?

Kazi nilianza vibaya. Mapema mwaka 2015 serikali ilikuwa ikitangaza kwamba mitambo ya zamani ya televisheni itazimwa na kila nyumba itahitaji king'amuzi. Nikasimama kinyozini nikauliza: serikali gani itathubutu kuzima Citizen, NTV na KTN kwa siku moja? Hoja ikakubalika. Baba Pacha, jirani yangu wa mlango wa tatu, alikuwa ameweka pesa za king'amuzi. Akaenda akanunua sare za shule, mbili mbili kama ilivyo desturi ya nyumba yake.

Tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, televisheni zikaingia chenga.

Mama Pacha alikuwa akifuatilia sinema moja ya Kimexico yenye daktari tajiri na msichana wa jikoni. Jioni ile ile alikuja mlangoni kwangu, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema: "Wewe ndiye ulisema hazizimwi. Haya, nieleze leo kumetokea nini."

Nilidhani anatania. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu alikuja na wenzake wawili waliotoka zamu kwenye shamba la maua, mikono bado inanuka waridi na dawa. Ikabidi nisimulie. Stesheni hizo zilikaa gizani karibu majuma matatu, na majuma matatu ni marefu kwa mtu asiye na kipaji. Nilimpeleka daktari Ulaya, nikamrudisha, nikampa ndugu pacha ili kumfurahisha mwenye ndoo. Hadithi ilipokwama kabisa nikamwua kwa ajali ya gari, nikamwoza yule msichana kwa dereva. Wanawake watatu walilia uani kwangu. Nilijiona mtu.

Mwezi wa tatu picha zikarudi, na daktari alikuwa mezani anakunywa chai.

Mama Pacha hakunisalimia mpaka Pasaka.

Ungetarajia mtu ajifunze. Lakini habari za teknolojia zina uchawi wake: hutoka mbali, hutamkwa kwa kujiamini, na ukizirudia kwa sauti nzito unaonekana umehusika. Nilirudia kwa sauti nzito kwa miaka mingine sita, hadi jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, simu yangu iliponyamaza.

WhatsApp haikutuma. Facebook haikufunguka. Nikanunua bando. Nikanunua bando lingine, nikidhani la kwanza limeliwa. Nikatoa laini, nikaipuliza, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Nikaizima simu na kuiwasha mara nyingi kuliko ambavyo ningekubali mbele ya mahakama. Mwishowe nikampelekea fundi, kijana mwenye meza ya mbao chini ya mwavuli, aliyekuwa akifunga kazi. Akaitazama kwa taa, akaibonyeza mgongoni kama daktari anayepima tumbo, akasema: "Hii ni ubao umeingia maji. Iache mpaka asubuhi. Mia tano."

Niliiacha. Sikulala vizuri.

Usiku ule Facebook, WhatsApp na Instagram zilikuwa zimezimika dunia nzima. Wahandisi wa kampuni yenyewe, katika kufanya matengenezo, walikuwa wamejikata kutoka kwenye intaneti, ikawa kama mtu aliyekuwa akipaka nyumba rangi mpya hadi akapaka rangi na namba ya mlango, wageni wote wakapotea. Ilichukua yapata saa sita kurekebishwa. Saa mbili asubuhi nikamkuta fundi wangu akinisubiri, simu inalia ujumbe mfululizo.

"Ilinisumbua sana," akasema akijinyoosha kiuno.

Nikalipa. Hata nikamwongezea hamsini. Nilipata habari kamili saa nne, kwenye simu ile ile, na nilipomrudia fundi kumuuliza imekuwaje aitengeneze Facebook ya Marekani kwa bisibisi, alinijibu kwa utulivu: "Lakini si inafanya kazi?" Hoja ya haki. Upinde wangu ukavunjika.

Kibanda cha gemu nilikifungua baada ya hapo: PlayStation mbili za mtumba, benchi mbili, televisheni mbili, na bango lililosema FIFA HAPA, MECHI 20/=. Biashara ilikuwa nzuri. Vijana wakitoka shambani au shuleni walipita kwanza kwangu kuvunjana mioyo. Kisha zikaja habari kwamba kampuni ya EA, iliyotumia jina la FIFA tangu 1993, imeachana nalo, na kwamba kuanzia Septemba 2023 mchezo utaitwa EA Sports FC. Nikaona hapa biashara inataka mtu anayesoma habari. Wengine watabaki na mabango ya zamani, mimi niwe wa kwanza. Nikamwita mchoraji, akafuta FIFA, akaandika kwa herufi nyekundu: EA SPORTS FC, KIHOTO.

Niseme kweli, ndani hapakuwa na mchezo huo. Tulikuwa na FIFA 19, yenye wachezaji ambao baadhi yao sasa ni makocha. Lakini bango lilikuwa la kisasa.

Siku ya pili alikuja mama mmoja ameshika mkono wa mtoto wa miaka kumi na cheti cha kuzaliwa. Alitaka kumsajili. Nikamweleza. Akanitazama, akatazama bango, akaniuliza kama nabagua watoto wafupi. Wiki iliyofuata mzee mmoja alipita kuuliza kama klabu ina nafasi ya mlinzi wa uwanja. Halafu Jumapili moja alasiri ikashuka matatu kutoka Karagita: vijana kumi na wanne, jezi, soksi hadi magotini, mpira mmoja na nahodha mwenye kitambaa mkononi. Walisikia kuna timu mpya Kihoto, wamekuja mechi ya kirafiki.

Nahodha alichungulia ndani ya kibanda. "Wachezaji wako wapi?"

Mpwa wangu akamwonyesha pedi mbili.

Walicheza. Ni lazima niseme walicheza vizuri, wakipokezana pedi wawili wawili huku wengine wakishangilia mlangoni kwa viatu vya njumu vilivyonichimbia sakafu. Walitushinda mabao manne kwa moja. Mpaka leo Karagita wanasema waliifunga EA Sports nyumbani kwake.

Kuhusu akili unde sitaki kusema mengi, ila haiwezekani. Upande wa pili wa ziwa, nyuma ya Hell's Gate, kuna Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizungusha mitambo ya stima tangu 1981. Usiku ukiwa mtulivu unaona mawingu yake meupe. Basi mwezi wa tano 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi wakatangaza mpango wa dola bilioni 1, pamoja na kituo cha data hapo hapo Olkaria, kuanzia megawati 100, kikinywa mvuke huo huo. Nilihisi kama mtu aliyechumbiwa. Nikaita watu uani baada ya chakula cha jioni, nikapanda kwenye ile ndoo ya Mama Pacha, nikawaeleza kwamba kompyuta zinazofikiri zitakuwa majirani zetu, tutaamkiana nazo asubuhi, na kwamba Kihoto itakuwa...

Stima ikapotea.

Ploti nzima ikawa nyeusi. Mtoto mmoja akaanza kulia. Kutoka gizani nikasikia sauti ya mama mwenye ploti, bila haraka: "Muulize jirani yako kama ana mshumaa."

Hayo yote yalikuwa mazoezi tu. Mtihani ulikuja mwaka 2025, maji yalipoanza kupanda. Maziwa yetu ya Bonde la Ufa yamekuwa yakivimba kwa zaidi ya miaka kumi, Baringo, Nakuru, hili letu, na wataalamu wanataja mvua kuongezeka. Safari hii ziwa lilikuja na wenyeji wake. Wakati huo huo simu zetu zilikuwa zimejaa picha za uongo: simba kwenye tuta la barabara kuu, papa akiogelea sokoni, mchungaji akitembea juu ya maji na suti. Nilikuwa nimesoma namna ya kuzitambua. Unahesabu vidole. Unaangalia kivuli. Unasoma maandishi ya nyuma, maana kompyuta haijui tahajia.

Jioni moja, wiki moja hivi kabla ya sisi kuhama, Baba Pacha alituma video kwenye kikundi cha ploti: kiboko anatafuna nyasi karibu na choo chetu.

Nikatuma sauti ya dakika nne. Niliwaomba watulie. Niliwaambia watazame kivuli hakilingani na taa. Watazame masikio, madogo mno kwa kichwa kile, hakuna mnyama Mungu aliyemuumba hivyo. Watazame ngozi inavyong'aa kama plastiki. "Ndugu zangu," nikamaliza, "huyu ni kiboko wa kompyuta." Wanne walinijibu kwa dole gumba. Nililala kwa amani hadi saa sita usiku, haja iliponiamsha.

Nilitoka na simu mkononi kama tochi. Karibu na choo palikuwa na jiwe kubwa ambalo sikulikumbuka, nikajiambia kwamba maji yamelisukuma. Nilikuwa hatua kama tano nalo liliposhusha pumzi.

Kiboko dume huweza kupita tani moja na nusu, na nchi kavu humshinda mtu mbio. Hili nalijua kwa kulisoma, na nililikumbuka lote kwa mara moja, pamoja na masikio, ambayo kwa hakika ni madogo sana. Jinsi nilivyofika juu ya jukwaa la tangi la maji siwezi kueleza. Ngazi iko upande mwingine.

Nilikaa pale juu na nguo za kulalia, kiboko akila chini yangu kwa adabu ya mpangaji aliyelipa. Simu ilikuwa na chaji asilimia tatu. Sikuthubutu kupiga kelele. Nikafungua kikundi cha ploti, nikanong'ona kwa sekunde nne: "Niko juu ya tangi, kiboko ni wa kweli, nisaidieni," nikatuma, nikasubiri.

Jibu la Baba Pacha lilikuja kabla simu haijazima.

"Msidanganyike, hiyo sauti ni AI."

Niliteremka saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa tuko huku juu, karibu na barabara kuu, chumba kimoja, PlayStation moja. Ile nyingine ilikunywa maji. Mpwa wangu anawachezesha watoto GTA San Andreas, mchezo wa mwaka 2004, na hawalalamiki. Bango tuliliacha, na juzi mtu alinionyesha picha iliyopigwa kutoka botini: herufi nyekundu EA SPORTS FC, KIHOTO, zimechomoza juu ya maji, na ndege mweupe ametua kwenye herufi K. Nilitaka kusema kitu kuhusu kivuli cha ndege huyo, nikajizuia.

Jana mpwa wangu alisimamisha mchezo, akanigeukia. "Anko, kwa maoni yako, tarehe 19 Novemba itatoka kweli ama wataisongeza?"

Nikakohoa. Nikavuta kiti. Mama Pacha, ambaye amepanga mlango wa pili kutoka kwetu na alikuwa akianika nguo, hakugeuka.

"Usimuulize huyo," akasema. "Atamwua mtu."