Uso wa Asili na Gharama Zake Ngombezi

Kati ya vipodozi vyote vinavyouzwa katika maduka ya Korogwe mjini, ambako wakazi wa Ngombezi na hata wa vijiji vya upande wa Handeni hufika kununua mahitaji ya harusi, hakuna vinavyodai maandalizi mengi kuliko vile vya urembo unaojidai kwamba haukuandaliwa kabisa. Urembo huo huitwa mwonekano wa asili, na shabaha yake ni kumfanya mtu aliyekaa kwenye kiti cha mpambaji saa moja na nusu aonekane ameamka hivyo hivyo. Nguzo zake ni mbili: faundesheni, ambayo ni rangi ya ngozi iliyo katika hali ya majimaji au krimu, inayopakwa uso mzima ili uwe na rangi moja, na konsila, ambayo ni nzito zaidi na hupakwa sehemu ndogo tu, kwa kazi ya kuficha doa la chunusi au weusi wa chini ya macho. Maelezo hayo ni mafupi na yanaeleweka upesi, na pengine ndiyo sababu ajali zinazotokana nayo ni nyingi.

Ajali hizo hazieleweki bila kuwafahamu kwanza wenye nyuso. Ngombezi, kata ya mji wa Korogwe ambayo jina lake limefungamana na shamba la mkonge, haijapata kuwa mahali pa rangi moja ya ngozi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida ni 62 tu iliyosalimika. Lakini kutokana na hiyo michache mkoa wa Tanga ulijaa mashamba yaliyohitaji mikono mingi kuliko ile ambayo Wazigua, Wabondei na Wasambaa walikuwa radhi kuitoa. Wenye mashamba wakaagiza manamba, yaani vibarua wa mkataba walioandikishwa kwa namba, na katika miaka ya 1940 wakaanzisha chombo chao cha kuwatafuta, SILABU, kilichowakusanya watu kutoka Kigoma, Songea, Njombe na hata Ruanda-Urundi. Wengi walimaliza mkataba wasirudi kwao, wakaoa, wakaolewa, wakazaa, na leo foleni moja ya vitumbua asubuhi inaweza kuwa na rangi nyingi za kahawia kuliko rafu nzima ya duka la vipodozi. Watengenezaji wa faundesheni za bei nafuu hawakupewa taarifa ya historia hiyo, kwa hiyo huleta rangi tatu: ya weupe, ya katikati na ya weusi. Katikati ndiko anakosukumiwa kila aitwaye maji ya kunde, ingawa kila mpishi anajua kwamba maji ya kunde zilizochemka mara moja hayafanani na ya kunde zilizolala jikoni.

Uchaguzi wenyewe hufanyika ndani ya duka, chini ya taa ya tyubu yenye mwanga mweupe unaoelekea ubuluu, mbele ya kioo cha mkononi ambacho kimebandikwa bei. Muuzaji humimina tone moja juu ya mgongo wa mkono wa mteja, akalisugua kwa kidole, akarudi nyuma hatua moja na kutamka hukumu: "Dada, hii imekutoa!" Hukumu hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu mkono. Mgongo wa mkono, hata hivyo, umepigwa jua miaka yote, umefua, umeosha vyombo, na mara nyingi una rangi tofauti na shavu. Mahali panapostahili kupimwa ni kwenye mstari wa taya, pale uso unapokutana na shingo, kwa kuwa rangi inayofaa ni ile inayopotea pale bila kuacha mpaka. Kuna pia jambo la rangi ya ndani ya ngozi, yaani ule mwelekeo wa umanjano, wa wekundu au wa kati unaoonekana chini ya weusi au weupe wa juu. Watu wawili wanaweza kulingana kwa weusi wakatofautiana kwa mwelekeo huo, na faundesheni inayomfanya mmoja ang'ae ikamfanya mwenzake aonekane ametoka kuugua homa.

Lakini taa na kioo haviwezi kubebeshwa lawama yote. Mteja mwenyewe, akiisha kuonyeshwa rangi yake halisi, mara nyingi huisukuma pembeni kwa kidole kimoja na kuomba "ile iliyo juu kidogo", na maneno hayo, kwa maoni ya insha hii, ndiyo chanzo cha zaidi ya nusu ya misiba yote ya vipodozi mkoani Tanga. Anayesema hivyo hanunui rangi ya uso alionao bali ya uso anaoutamani, na muuzaji, ambaye naye ana kodi ya pango, hana sababu ya kubishana. Shingo haishirikishwi katika uamuzi huo. Masikio nayo hayashirikishwi, na siku ya shughuli vyote viwili hujitokeza hadharani vikiwa na msimamo wao wa zamani.

Tamaa hiyo hiyo ikizidi hupeleka watu kwenye mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kuchubua ngozi, ambazo baadhi huwa na haidrokwinoni au zebaki, viambato vilivyopigwa marufuku nchini katika vipodozi na ambavyo tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango Tanzania ndilo lenye jukumu la kuvidhibiti. Madhara yake kwa ngozi na figo si jambo la kuchekea. La kuchekesha, kama lipo, ni la kihasibu: mtumiaji wa mkorogo hununua faundesheni ya uso wa mwezi huu, na kabla kichupa hakijafika nusu uso umeshahama, huku vifundo vya vidole vikibaki palepale na kutunza kumbukumbu.

Hata aliyechagua kwa uaminifu hajasalimika, maana faundesheni ina tabia ya kubadilika baada ya kupakwa. Rangi yake hutokana na oksidi za chuma, ambazo ni unga mwekundu, wa manjano na mweusi uliosagwa laini sana, na unga huo ukikutana na mafuta ya ngozi na hewa huweza kukolea, mara nyingi ukielekea uchungwa. Katika bonde la mto Pangani, ambako joto la Januari halina adabu, mabadiliko hayo hayasubiri jioni. Msimamizi wa bibi harusi aliyeondoka Ngombezi asubuhi kwa bodaboda akiwa na rangi yake mwenyewe anaweza kufika kanisani Korogwe akiwa na rangi ya mtu mwingine, pamoja na vumbi jekundu lililonasa kwenye krimu mbichi na alama ya povu la helmeti kwenye paji la uso. Dawa inayojulikana ni kupaka kidogo kwenye taya, kutoka nje ya duka, kunywa chai kwa nusu saa, kisha kujitazama kwenye mwanga wa jua kabla ya kulipa. Wauzaji huipokea dawa hiyo kwa mashaka, kwa sababu kwao ni mteja anayeondoka na bidhaa usoni bila kutoa hata shilingi.

Konsila ina ajali zake, na ni za kitaaluma zaidi. Weusi wa chini ya macho kwa mwenye ngozi nyeusi huwa na mwelekeo wa ubuluu, na rangi inayoua ubuluu ni ya chungwa. Kwa hiyo wapambaji hutanguliza krimu ya rangi ya chungwa, kisha huifunika kwa konsila ya rangi ya ngozi. Aliyejifunza nusu ya kwanza tu ya somo hilo kwenye simu ya rafiki yake hutokea sebuleni akiwa na michirizi miwili ya chungwa, na bibi yake, aliyekaa mkekani akichambua mchele, humuuliza kwa huruma ya kweli: "Mjukuu wangu, nyuki wamekupata wapi?" Wapo pia wanaopaka chini ya macho konsila ya rangi nyeupe mno kwa idadi ya tabaka ambayo fundi ujenzi angeihoji. Tabaka nene halina neno mradi mwenye uso asicheke. Tatizo ni kwamba kamati ya harusi imekwisha kumlipa mshereheshaji, na kazi ya mshereheshaji ni kuchekesha, kwa hiyo kufikia saa tatu usiku nyufa huwa zimeshafika mashavuni.

Kisha huja kamera. Faundesheni nyingi zenye kinga ya jua huwa na dioksidi ya titani au oksidi ya zinki, ambazo ni unga mweupe unaorudisha mwanga, na mwanga wa flashi ukizipiga kwa karibu huzikuta zikiwa kazini. Ukumbini hakuna aliyeona kasoro yoyote, lakini picha zikisafishwa huonekana uso mweupe unaoelea juu ya shingo ya kahawia, na albamu hiyo, kwa taratibu za familia, hutunzwa nyumbani kwa mama mkwe.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya Korogwe peke yake. Faundesheni ya kisasa ilipata umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1930 kupitia Pan-Cake ya Max Factor, iliyotengenezwa kwa ajili ya filamu za rangi za Marekani, na nyuso zilizofikiriwa wakati ule hazikuwa za watu wa bonde la Pangani. Mwaka 1975 Iman, Msomali aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, alifika New York kufanya kazi ya uanamitindo, na amesimulia mara nyingi jinsi mpambaji katika upigaji picha wake wa mwanzo alivyomuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa nayo akapakwa kitu kilichomfanya awe wa kijivu. Tangu hapo akawa ananunua rangi mbalimbali na kuzichanganya mwenyewe hadi apate yake, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni ya vipodozi kwa wanawake wenye ngozi za rangi. Rihanna alipoingiza sokoni Fenty Beauty mwaka 2017 akiwa na rangi 40 kwa mkupuo mmoja, kampuni kubwa duniani zilishtuka, ingawa foleni ya vitumbua ya Ngombezi ingeweza kuzieleza jambo hilo mapema na bila ada.

Njia ya Iman ndiyo inayotumiwa mpaka sasa na wapambaji wenye akili katika mji wa Korogwe na vitongoji vyake. Mpambaji wa namna hiyo hubeba tyubu mbili tu, ya katikati na ya weusi, huzikorogea kwenye kisahani hadi zipatane na taya iliyo mbele yake, hupaka kidogo katikati ya uso kwa sponji yenye unyevu, akaacha pembeni ngozi ijisemee yenyewe, kisha akagusa poda puani na kwenye paji tu, ambako jasho huanzia. Wanawake wa mwambao, kuanzia Tanga hadi Pangani, hawakuwa na hangaiko hili walipopaka liwa, ule mti wenye harufu nzuri unaosagwa juu ya jiwe kwa maji ya waridi: liwa ilionekana wazi kwamba ni liwa, na hakuna aliyeitaka ijifanye ngozi.

Kazi ikiwa imefanyika vizuri namna hiyo, hubaki suala la malipo. Anayelipa kwa kawaida ni shangazi, ambaye huingia chumbani na pochi mkononi, akamtazama bibi harusi upande wa kulia na wa kushoto, akauliza: "Mwanangu, mtaanza saa ngapi?" Akielezwa kwamba wamekwisha kumaliza, huifunga pochi. Mpambaji aliyezoea haingii katika mjadala wa falsafa ya mwonekano wa asili, bali hufungua mkoba wake tena, akakoleza wanja, akachora nyusi mpya juu kidogo ya zile za zamani na kupaka lipstiki nyekundu inayoonekana hadi kituo cha bodaboda. Shangazi huridhika, fedha hutolewa, na bibi harusi huingia ukumbini akiwa wa asili kuanzia puani kuelekea masikioni, na wa harusi katika sehemu zote zilizobaki.